Kushuka Kabla ya Kuitwa

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, kwa sababu nitasema polepole na sitapaza sauti. Kazi yangu imenizoesha hivyo. Ninawawekea watu vifaa vya kusikia katika hospitali moja upande wa Edgbaston, hapa Birmingham, na jambo la kwanza ninalowaambia ndugu wa mgonjwa ni kwamba kelele hazimsaidii asiyesikia. Mkabili usoni, punguza mwendo, maliza kila neno. Basi nitakueleza kwa namna hiyo hiyo jinsi tulivyopanga wiki moja ya kusafiri kwenye mabonde ya mito ya Ujerumani, mama yangu mdogo na mimi, mezani kwake Northfield, na kitu kilichoingia katikati ya mipango. Ukiona nimekawia kwenye mambo ya treni, nivumilie. Mambo ya treni ndiyo yenyewe.

Mama mdogo alifika Birmingham kabla yangu. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao mpaka magoti yakamkatalia. Katika nyumba ya mwisho kulikuwa na kalenda ukutani, juu ya sinki la jikoni. Mwenye nyumba alikuwa bibi aliyekwisha kusahau hata jina la mtaa wake, lakini kalenda hiyo hakukubali iguswe, kwa hiyo mwezi ulibaki ule ule mwaka mzima, na mwaka uliofuata pia. Picha yake ilikuwa ya bonde: mto umejikunja kama mkia wa paka aliyelala, mashamba ya mizabibu yamepanda milima pande zote mbili, na chini kabisa, kati ya mlima na maji, treni ndogo nyekundu. Mama mdogo aliosha vyombo vya yule bibi akiitazama treni ile siku zote, na siku zote ilikuwa pale pale.

"Iko siku nitakwenda kuipanda," aliniambia, "nione kama itafika inakokwenda."

Nilidhani ni utani wa mtu aliyechoka kuosha vyombo. Lakini alipostaafu aliniita akaniambia nimpangie safari, na aende peke yake. Nikamuuliza kwa nini asiende nyumbani Tanga akapumzike.

"Nyumbani kwenda ni kupumzika?" akasema. "Kila nikienda nimebeba mabegi ya watu. Viatu vya huyu, dawa za yule, simu ya mtoto wa jirani. Nikitoka pale uwanja wa ndege ukoo mzima unanisubiri, na wote wanatazama mabegi kwanza ndipo wanitazame mimi. Na huku nako, nikitoka kwangu asubuhi kuna mzee ananisubiri nimwogeshe. Mwanangu, mimi nataka nishuke mahali ambapo hakuna anayenisubiri. Hata mmoja. Nishuke, nitazame, nirudi."

Hicho tu ndicho alichotaka. Binamu zangu walicheka kwenye kundi letu la simu. Mimi sikucheka, ila nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu masikio yake yalipimwa pale kazini kwetu na nilikuwa naujua mchoro wa usikivu wake vizuri: unashuka upande wa kulia kama ngazi.

Nikuambie kwanza namna tulivyoanza, maana kupanga safari ya mabonde ni rahisi ukielewa jambo moja, kwamba bonde lenyewe ndilo barabara. Mto ulikata njia kwenye milima, watu wakalaza reli kando ya mto, na vijiji vikakaa kando ya reli. Huwezi kupotea. Ukichanganyikiwa, tafuta maji, yafuate. Unachagua mji ambapo mito inakutana, unaufanya kiota, na kila asubuhi unapanda bonde moja, jioni unarudi kulala pale pale. Tulichagua Koblenz. Mto Mosel unaingia kwenye Rhine katikati ya mji, na mto Lahn unaingia pembeni kidogo, kwa hiyo kutoka chumba kimoja una mabonde ya kutosha wiki nzima, na begi linabaki chumbani. Hilo la begi kubaki lilimfurahisha kuliko mito yote.

Tulikuwa tukikutana Jumapili mchana, baada ya yeye kurudi kutoka kununua nyama halali Balsall Heath. Ramani ilitandazwa mezani, kona zake zimeshikiliwa na vikombe. Tulibishana sana kuhusu juu na chini. Nilimwambia kwamba boti zinazoshuka Rhine zinakwenda kaskazini, naye akaitazama ramani, akanitazama mimi.

"Mto gani unapanda ukutani?"

"Haupandi, Mama mdogo. Ramani tu ndiyo imechorwa kaskazini iwe juu. Maji yanakwenda baharini."

"Basi geuza ramani."

Tukaigeuza. Tangu siku hiyo tuliisoma kichwa chini, na kwa kweli ilieleweka vizuri zaidi. Masharti yake mengine yalikuwa machache. Chumba kiwe na dirisha la kutazama maji. Asubuhi apewe mayai na mkate, nyama ya nguruwe isiletwe hata kwenye sahani ya jirani. Kibla atakitafuta mwenyewe. Na iwepo siku moja ya treni ya kalenda. Hiyo niliipata kwa kuufuata mkunjo wa mto: kuna reli ndogo inayochepuka kutoka reli kubwa ya Mosel, inaambaa na maji kupita vijiji vichache, halafu inaishia kwenye mji mmoja wa mvinyo. Haiendi mbele zaidi.

Sasa tufike kwenye masikio. Mtu mwenye umri mkubwa akianza kutosikia, hasikii kidogo kama watu wanavyodhani, bali anasikia kwa matundu. Sauti nyembamba kama s, t, f na sh huondoka kwanza. Sauti nene, hasa za irabu, hubaki. Na ubongo hauvumilii tundu. Huliziba upesi kwa kitambaa chochote ulicho nacho nyumbani. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo akienda ugenini, ninapenda kumzoesha mapema sauti za huko aendako, ili ubongo uwe na vitambaa vinavyofaa. Wapo watu wanaopiga picha za video treni tangu kituo cha kwanza mpaka cha mwisho na kuziweka kwenye mtandao kwa ajili ya wapenzi wa treni. Nikaitafuta ile reli ndogo, nikaipata. Nikaiunganisha simu yangu na vifaa vya Mama mdogo ili sauti iende moja kwa moja masikioni mwake.

Zingatia hapo: sauti ilikuwa masikioni mwake tu. Mimi niliona picha, sikusikia kitu.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mvua nyembamba inaanguka, taa za maduka zimewashwa mapema. Treni ya kwenye simu ilikwenda polepole kando ya maji, na Mama mdogo alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kama anayesikiliza hadithi ya mtoto. Nilikuwa namimina chai. Kwenye picha treni ilifika mwisho wa reli, ikasimama mbele ya vizuizi. Nilipogeuka, tabasamu lilikuwa limekwisha na kidole chake kilikuwa mdomoni, kuninyamazisha.

"Nani yuko hapo?" akanong'ona.

"Wapi?"

"Ameniita."

"Nani kakuita, Mama mdogo?"

"Kaniita Biti."

Kwetu Tanga mwanamke mtu mzima anaweza kuishi miaka bila kuitwa jina lake. Huitwa Biti, yaani binti, halafu jina la baba yake. Lakini hiyo ni huko. Hapa kazini walilikata jina lake wakabakiza silabi moja, mimi namwita Mama mdogo, na dereva wa basi humwita "bab", kama wanavyomwita kila mtu hapa Birmingham. Hakuna aliyemwita Biti tangu aingie nchi hii.

Na kuna jambo la pili alilolelewa nalo, nami pia. Sauti ikikuita mara moja na humwoni mwenyewe, usiitike. Binadamu ataita tena. Kisicho binadamu huita mara moja tu, na ukikiitikia umejitoa. Kwa hiyo watoto wa kwetu hufundishwa kunyamaza na kungoja mwito wa pili, na ukija, kuitika haraka na kwa adabu.

Mimi nilitaka kumtoa hofu. "Ni simu tu," nikasema. "Sikiliza tena utaona." Nikarudisha picha nyuma kidogo, nikabonyeza.

Labda wewe umeshaliona kosa langu kabla yangu. Mimi nilikuwa namwonyesha mashine, kumbe kwake nilikuwa nimeifanya ile sauti iite mara ya pili.

"Abee," akaitika. Mgongo umenyooka, mikono mapajani. "Abee, baba."

Tulitazamana. Kisha akavitoa vifaa masikioni, taratibu, akaviweka kwenye kisosi. Vifaa hivyo vikilazwa vikiwa vinawaka hupiga mluzi mwembamba, na mluzi huo yeye hana uwezo kabisa wa kuusikia. Mimi niliusikia, nikavizima. Pakawa kimya. Na katika kimya hicho Mama mdogo akageuza uso kuelekea korido, mlango ukiwa wazi na hakuna mtu, akaitika tena kwa sauti ndogo ya msichana.

Sikumuuliza alichosikia. Niliinuka nikaufunga mlango.

Kesho yake kazini nilimwendea mwenzangu mmoja, nesi kutoka Kenya, ambaye kabla ya kuja huku aliishi Ujerumani akilea watoto wa watu. Nikampa asikilize. Alisikiliza akitafuna ndizi.

"Ai, si hii ni tangazo tu ya mwisho wa laini?" akasema. "Bitte alle aussteigen. Tafadhali, wote mshuke."

"Neno la kwanza?"

"Bitte. Ni tafadhali. Huko unaambiwa bitte mpaka unachoka."

"Na la pili?"

"Alle. Wote. Kwani kuna nini?"

Sema neno hilo la pili haraka, kama mtu anayeita kwa mbali, na utakuwa umelitaja jina la babu yangu, baba yake Mama mdogo. Nilipomweleza, mwenzangu alicheka mpaka akaegemea kabati. "Nyinyi watu wa pwani! Yaani hata treni ya Wazungu mmeipatia jini?" Halafu akaona sicheki, akaacha. "Pole. Lakini mwambie ni mashine. Hakuna mtu hapo."

Nilikwenda Northfield moyo mwepesi. Nilimchorea Mama mdogo kila kitu kwenye karatasi: neno lilivyo, herufi zinazomponyoka, kinachobaki, na jinsi ubongo wake ulivyoziba matundu kwa jina ulilolijua. Nilieleza vizuri, nasema kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya uso wake, ingawa vifaa hakuvivaa.

"Nimekuelewa," akasema. "Kumbe wana adabu, wanaomba tafadhali. Sasa nieleze na sauti."

"Sauti ipi?"

"Ya mwanamume."

"Ni ya mwanamke, Mama mdogo. Ukizikosa sauti nyembamba, ya mwanamke nayo huwa nzito."

"Haya. Na kikohozi?"

"Kikohozi gani?"

"Anakohoa kidogo baada ya kuita. Halafu anangoja."

Nilimwomba anipe vifaa vyake, nikaenda navyo kazini. Tuna mpira wa kusikilizia kama wa daktari, ila mwishoni una kikombe kidogo cha kushikia kifaa, na kwa huo naweza kusikia kile anachopelekewa mgonjwa. Wakati wenzangu wamekwenda kula nilikaa kwenye chumba cha kupimia, chenye kuta za sponji ambazo hazirudishi hata pumzi yako, nikaondoa sauti zote nyembamba ili nisikie kama yeye, nikabonyeza.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, lakini kweli, ilikuwa imenyolewa ncha zote na kubaki nene. Ikatamka maneno yake. Kisha likafuata jambo dogo la kukwaruza, kama koo linalosafishwa, na baada yake pumzi, ndefu, isiyokwisha. Najua ni nini. Ule mkwaruzo ni spika ya treni inapozimwa. Ile pumzi ni kifaa chenyewe: sauti ikikoma, kinajifungua kutafuta sauti nyingine, na kufunguka kwake kunasikika kama upepo. Nawaeleza wagonjwa jambo hilo karibu kila wiki. Hata hivyo niliuvua ule mpira kabla ya pumzi kwisha, na nikaenda kukaa kwa wenzangu.

Mama mdogo alikuwa amempigia simu mjomba, kaka yake aliyebaki Tanga. Nilipompigia mimi, alikuwa ananingoja.

"Unajua marehemu baba yetu alifanya kazi gani?" akaniuliza.

Nilijua alikuwa wa reli. Mimi nilimkuta mzee wa kwenye mkeka, na tasbihi.

"Alikuwa pale stesheni, mwisho wa reli. Treni ikiingia kutoka bara, yeye anapita kando yake behewa baada ya behewa, anagonga dirisha kwa ufunguo, anawaamsha waliolala. Wote mshuke, wote mshuke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Na mama yako mdogo akimpelekea chakula, baba anamwona kwa mbali, anamwita Biti na jina lake yeye baba, mbele za watu, kumtania kwamba ameshakuwa mwanamke mzima. Biti! Na mtoto anaitika, watu wanacheka."

"Mjomba, ile ni mashine."

"Mashine imejuaje?"

"Haijui. Maneno yamefanana tu."

"Nyie mkishakaa Ulaya mnafikiri ukijua kitu kinavyopiga kelele umemaliza maneno. Kaitwa, kaitika. Aliyeitika huenda. Na wewe, mpwa wangu, ndiye unamkatia tiketi!"

Nilisema tutaongea, nikakata.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Ramani ilikunjwa ikawekwa juu ya kabati. Vifaa vilikaa kwenye boksi lake. Ukimtembelea ilibidi ugonge dirisha, na akifungua alikuwa kwanza anatazama nyuma yako. Kwenye basi alipitiliza vituo. Alianza kuitikia jikoni, akiwa peke yake, halafu akawa haitikii hata sisi, kwa kutojua ni nani kati yetu. Mwenye masikio ya namna ile asipovaa vifaa, ubongo unasahau upesi kazi ya kusikia, na kuurudisha ni kazi ngumu. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja: kwamba atakwenda, na kwamba hatakwenda. Safari ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe. Na mahali pekee duniani alipopachagua kwa sababu hakuna anayemjua, palikuwa pamemwita kwa jina la baba yake.

Halafu Jumapili moja nikafika, akafungua kabla sijagonga. Vifaa vilikuwa masikioni. Ramani ilikuwa mezani, kichwa chini, vikombe kwenye kona.

"Kaa," akasema. "Kila reli ina kituo cha kabla ya mwisho?"

"Kila reli, Mama mdogo."

"Na hilo tangazo linasemwa wapi?"

"Mwisho tu. Treni ikiwa haiendi mbele tena."

"Basi panga upya. Kila siku nishuke kituo kimoja kabla, niende kwa miguu. Akiita, atakuta nimeshashuka."

Niliangua kicheko, naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule. Kisha nikakumbuka. "Na treni ya kalenda? Hutafika nayo mwisho."

"Ifike yenyewe. Imenikalisha pale sinki muda wote ule, sasa ijitegemee."

Basi tulipanga upya, na nikuambie, mpango ule ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Vituo vya mwisho ni vya miji, vina maduka ya kofia na watu wanaopiga picha. Vya kabla ya mwisho ni vya vijiji. Jukwaa fupi, benchi, mashine ya tiketi, na njia ya kando ya maji ambayo inakufikisha mjini kwa matembezi ya kawaida, tambarare, isiyoumiza magoti. Kwenye bonde la Lahn tulifanya hivyo, kwenye Rhine tukafanya hivyo, na hata kurudi Koblenz jioni tulichagua kituo cha pembeni, ingawa treni nyingi haziishii mjini, hupita tu. Nilimwandikia majina ya vituo kwa herufi kubwa kwenye kadi, moja kwa kila siku, ya kushika mkononi na kulinganisha na ubao, ili asilazimike kusikiliza chochote. Mjomba aliposikia akasema, "Huyo ni mtoto wa baba yake kweli."

Akaondoka mwishoni mwa Machi. Nilimsindikiza mpaka pale ambapo wasiosafiri hawapiti, na akaenda bila kugeuka, begi moja dogo, la kwake. Siku za kwanza zilikuja picha: dirisha na maji, yai, ngome juu ya mlima, yai jingine. Nilianza kulala vizuri. Siku ya treni ya kalenda ilikuja picha moja tu, ya ukungu. Hakukuwa na maneno.

Aliporudi alinisimulia jikoni kwake, akikata vitunguu, kwa hiyo sikuweza kujua macho yake yalikuwa na nini.

Treni nyekundu ilimpeleka vizuri, alisema, kadi mkononi, mto upande wake. Ukungu ulikuwa umelala kwenye maji hata mizabibu haikuonekana. Kisha ikasimama kwenye kituo kidogo ambacho hakikuwa kwenye kadi, na haikuondoka. Mbele walikuwa wanatengeneza reli. Siku hiyo mwisho ulikuwa pale. Na sauti ikaja. Safari hii haikuwa ya mashine. Alikuwa dereva mwenyewe kwenye spika, mwanamume, na akasema maneno yale, akakohoa, akayasema tena.

"Mara ya pili," nikasema.

"Mara ya pili. Na mimi nimekaa."

Watu walishuka haraka, wa kule wanajua njia, wakamezwa na ukungu. Taa za behewa zikazimika. Yeye alibaki amekaa, midomo ameibana kwa mkono. Ndipo akasikia mtu anapita nje, kando ya treni, polepole, kokoto zikilia chini ya viatu, behewa baada ya behewa. Dirisha lake likagongwa mara mbili, kwa kitu cha chuma.

Nilimkatiza. Nilimweleza kwamba treni ikigeuza mwisho wa reli, dereva hutoka chumba cha mbele akatembea kando yake mpaka chumba cha nyuma, na akiona mtu amebaki ndani lazima amgongee, na mkononi huwa na funguo. Kila reli ya duniani iko hivyo.

"Najua," akasema. "Ndivyo ilivyo. Nikainuka, nikashuka."

"Ukaitika?"

"Niitike nini, wakati nimeshashuka? Nilisema asante. Akapita. Sikumwona uso, alikuwa ameshanipa mgongo. Nikabaki pale jukwaani na lile begi langu. Treni ikawaka taa, ikarudi ilikotoka. Nikatazama huku, nikatazama huku." Kisu kikatulia. "Mwanangu, hapakuwa na mtu. Si kwenye benchi, si mlangoni, si barabarani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisubiri."

Alilisema hilo kama mtu anayekuonyesha kitambaa kizuri alichonunua. Nilimuuliza kama aliogopa. Aliniambia ndiyo, sana, mpaka treni ilipopotea kwenye ukungu, na baada ya hapo alisimama pale kwa sababu tu alikuwa hataki kuondoka. Halafu akasikia maji, na akaenda nayo mpaka mjini, ambako alikunywa juisi ya zabibu nzuri kuliko zote alizowahi kunywa, na mwenye duka hakumuuliza ametoka wapi.

Sasa anataka mito mingine, na mimi nimeshaanza kutafuta ramani. Nikipangia watu safari kama hizi, na siku hizi wananijia wengi, ninawaambia jambo hili, na wewe nakuambia. Ukishushwa mahali usipopajua, usiwafuate wanaokimbia. Sogea nyuma ya mstari, weka begi chini, ngoja treni iondoke yote mpaka isisikike. Kisha sikiliza maji yako upande gani, uelekee huko.